Mnaoitukana filamu ya Phoenix, njooni tuongee

Juzi nilikuwa ghorofani Moi Avenue, kwenye duka moja la picha, nasubiri negativu zangu. Mbele yangu kijana mmoja, kamera ya Leica shingoni (hongera), anamwonyesha mwenzake skani kwenye simu. "Hii filamu ni takataka. Ona taa za matatu zimegeuka moto mwekundu. Ona kivuli, cheusi tii. Mtu anauzaje kitu hakijaisha?"

Nilinyamaza kwa sababu mama wa kaunta alikuwa ameanza kuniangalia. Hapa sina sababu ya kunyamaza.

Filamu yenyewe ni Harman Phoenix 200. Ilitoka Desemba 2023 huko Mobberley, Cheshire, Uingereza, kwa watu wale wale wanaotutengenezea HP5, filamu ya nyeusi na nyeupe, na ndiyo filamu yao ya kwanza ya rangi kwa jina la Harman. Walisema wazi tangu siku ya kwanza kwamba hii ni hatua ya kwanza, na kwamba pesa tutakazolipa zitarudi kwenye kutafiti ile itakayofuata. Hawakumficha mtu. Lakini sisi Nairobi tumezoea kusoma bei tu, maelezo tunawaachia wengine.

Hebu tuseme ukweli kuhusu kazi yenyewe, kwa sababu naona wengi wanadhani filamu ya rangi ni HP5 iliyotiwa rangi. Ni matabaka zaidi ya kumi, yote yakijumlishwa ni membamba kuliko unywele wako, na yanapakwa kwenye plastiki katika giza totoro. Moja linaona buluu, jingine kijani, jingine nyekundu. Shida ya kwanza: chumvi ya fedha, ile inayonasa mwanga, kwa asili yake inapenda buluu, iwekwe tabaka lolote. Kwa hiyo lazima uweke kichujio cha manjano katikati ili buluu isishuke chini kuvuruga wenzake. Kisha kila tabaka lina kemikali inayozaa rangi filamu ikiwa ndani ya dawa: la buluu linazaa manjano, la kijani linazaa majenta (waridi iliyokoza), la nyekundu linazaa siani (buluu ya kijani). Kemikali ya tabaka moja ikihamia kwa jirani, hata kidogo, bibi harusi anatoka na uso wa mgonjwa wa manjano. Na yote hayo yaive pamoja, kwa dakika 3 na sekunde 15, kwenye nyuzi 37.8, kwa sababu C-41, utaratibu wa kuosha filamu za rangi, ipo tangu 1972 na hakuna maabara duniani itakayobadilisha dawa zake kwa ajili ya filamu yako mpya.

Ule moto mwekundu wa taa za matatu? Mwanga umepenya matabaka yote, ukagonga mgongo wa filamu, ukarudi. Tabaka la nyekundu ndilo liko chini kabisa, kwa hiyo ndilo linalopigwa kwanza mwanga unaporudi. Kodak wana namna ya kuumeza huo mwanga, wameifanyia kazi kwa miaka mingi. Harman walikuwa wanaanza.

Halafu ile rangi ya chungwa unayoiona kwenye negativu za Kodak Gold, filamu ya rangi ya kawaida, si pambo. Rangi zinazozaliwa ndani ya filamu haziko safi. Majenta na siani zinameza mwanga usiowahusu, na hilo chungwa lipo ili kusahihisha uchafu huo. Phoenix ya kwanza haina. Sasa mashine za skani zilizojaa mjini zilitengenezwa zikitarajia chungwa, nazo zikikutana na negativu ya zambarau zinapagawa, zinasahihisha kosa ambalo halipo. Nathubutu kusema nusu ya ubaya wa zile skani za kijana yule ni wa mashine. Lakini nani atailaumu mashine wakati kuna Mzungu wa kulaumiwa Cheshire?

Mnataka kujua ugumu wake? Ektachrome, filamu ya slaidi ya rangi, ilikuwa mali ya Kodak. Waliibuni wao, wakaitengeneza kwa miongo, wakaiacha 2012. Januari 2017 wakatangaza inarudi. Ilirudi Septemba 2018! Zaidi ya mwaka mmoja na nusu, kwa kampuni yenye kiwanda na fomula yake mwenyewe, kwa sababu baadhi ya malighafi hazikuwa zinatengenezwa tena na ilibidi waisuke upya. Ikiwa mwenye mapishi alihangaika hivyo, aliyeanza bila mapishi afanyeje?

Waitaliano wa Ferrania (kiwanda chao kiko Cairo Montenotte, Cairo isiyo na piramidi) walichangisha zaidi ya dola 300,000 mwaka 2014 kwa ajili ya filamu ya slaidi ya rangi. Walichotoa 2017 ni P30. Nyeusi na nyeupe. Nzuri sana, naipenda, lakini rangi sio.

Na wale waliochukua kiwanda cha mwisho cha Polaroid, zile picha za papo hapo, huko Enschede, Uholanzi, mwaka 2008? Filamu zao za mwanzo ulilazimika kuzifunika zikitoka tu kwenye kamera, la sivyo mwanga unaziharibu mkononi mwako. Watu walinunua hivyo hivyo, wakilalamika, na pesa hizo ndizo zilizowavusha. Leo wao ndio Polaroid. Kumwambia mtu asiuze filamu mpaka iwe Portra, ile filamu bora ya Kodak, ni kumwambia mama wa kibanda asipike chai mpaka ajenge hoteli. Atazipata wapi pesa za hoteli?

Wale wapiga picha wa Uhuru Park wa miaka ya 90, fremu moja moja kwa kila mteja, wangepewa Phoenix wangeilaani asubuhi, na kufikia jioni wangekuwa wameijua tabia yake. Mchagua jembe si mkulima.

Sawa. Kuna jambo moja nitakubali, na silikubali kwa furaha. Kontrasti ya Phoenix ya kwanza, yaani tofauti ya mwanga na kivuli, ni kali mno kwa ngozi yetu. Saa saba mchana, jua la Nairobi liko utosini, mtu mweusi amevaa kofia: uso umepotea, umebaki na meno. Mimi huipiga kama ISO 125 badala ya 200, ili ipate mwanga zaidi, na namsogeza mtu kivulini, lakini si haki kwamba kila mara sisi ndio wa kusogea. Historia ya filamu ya rangi na ngozi nyeusi haipendezi. Kwa miongo maabara zilipima rangi kwa kadi yenye picha ya mwanamke mzungu, kadi za Shirley, na Kodak walipokuja kuboresha rangi za kahawia, mojawapo ya misukumo mikubwa ilikuwa malalamiko ya watangazaji wa samani na chokoleti. Kabati lilisikilizwa kabla ya bibi yangu. Kwa hiyo anayezindua filamu ya rangi leo, awe Mwingereza au Mchina, aanze na nyuso zetu kwenye majaribio, asingoje tumwandikie. Hilo nawadai Harman bila aibu.

Ila mwaka 2025 walitoa Phoenix II. Emulsheni (matabaka yanayonasa picha) mpya, chembechembe laini zaidi, kontrasti imepungua. Imetokana na nini? Na roli tulizonunua tukizitukana.



Ninalo ombi moja tu, nalo si la Harman. Ninyi wenye maduka mliobaki mjini mnaoosha C-41, nawashukuru kwa kutofunga. Tafadhali zimeni usahihishaji wa otomatiki mtu akileta Phoenix, au mtupe faili ghafi tujisahihishie nyumbani. Tutalipa ya ziada. Na kijana wa Leica, rudisha negativu zako ziskaniwe upya kabla hujaandika tena neno takataka.