Bei iliyokosewa na sifa zilizokosewa si kosa moja

Duka la Mombasa likitoa tangazo lenye kosa, mjadala unaozuka karibu kila mara huwa wa bei. Mtu ameona friji imeandikwa shilingi 4,500 badala ya 45,000, ameipiga picha ya skrini, amefunga safari hadi dukani, na anajibiwa kwamba sifuri moja ilisahaulika. Wateja watashikilia kuwa duka lazima liuze kwa bei lililoitangaza, nao wenye maduka watasema kosa la uchapaji halimfungi mtu. Ni mjadala mtamu, na kila mmoja ana la kusema. Lakini umelifunika kosa la aina nyingine, ambalo kwa maoni yangu lina madhara makubwa zaidi: bei iko sawa, mnunuzi ameilipa yote, ila kitu kilichofika nyumbani kwake sicho kilichoelezwa kwenye tangazo.

Nianze na bei, maana hapo mwenye duka ana haki zaidi kuliko wengi wanavyodhani. Sheria ya Mikataba ya Kenya, Sura ya 23, inaikubali sheria ya mikataba ya Uingereza itumike hapa nchini, na huko suala hili lilimalizwa zamani. Mwaka wa 1961, katika kesi ya Fisher dhidi ya Bell, iliyohusu kisu kilichowekwa dirishani mwa duka huko Bristol pamoja na bei yake, mahakama ilisema kwamba kukionyesha kitu na kukitia bei ni kuwakaribisha watu waje kununua tu. Anayetoa ombi la kununua ni mteja, na mkataba haujakamilika mpaka muuzaji akubali. Kwa hiyo yule aliyefika na picha ya friji ya shilingi 4,500 hana mkataba mkononi, na mwenye duka anaweza kumwambia kwa adabu kwamba bei si hiyo.

Hata pale ambapo duka limeshakubali, kwa mfano kupitia mfumo wa mtandaoni unaojibu wenyewe, sheria haimpendelei mnunuzi aliyeona kosa akalikimbilia. Nchini Singapore, mashine za kuchapisha za HP zilizofaa kuuzwa kwa dola 3,854 za huko zilitokea mtandaoni kwa dola 66, na watu sita wakaagiza jumla ya mashine 1,606 usiku wa manane. Mahakama ilikataa kuwapa, mwaka wa 2004 na tena kwenye rufaa mwaka uliofuata, kwa sababu waliagiza wakijua kwamba bei ile haiwezi kuwa ya kweli. Sioni la kulaumu katika hukumu hiyo. Mtu aagizaye mashine za kuchapisha kwa mamia saa nane za usiku hana shida ya kuchapisha.

Hoja ya mwenye duka ina mpaka wake, bila shaka. Bei ya chini ikiwa ni chambo cha kuwavuta watu waingie, kisha waambiwe ile imekwisha ila iko nyingine ya bei kubwa, hilo halihusiani tena na uchapaji. Kifungu cha 55 cha Sheria ya Ushindani ya 2010 kinakataza maelezo ya uongo au ya kupotosha kuhusu bei, na Mamlaka ya Ushindani ina uwezo wa kulifuata duka kwa ajili hiyo hata kama mteja hakununua kitu.

Sasa tulitazame kosa la pili, na tulitazame kwa karibu. Chukulia kiyoyozi, kitu ambacho kaskazi ikipiga na joto la Februari kutulia juu ya kisiwa, watu wa Mombasa hukiulizia kama wanavyoulizia maji. Tangazo limeandikwa kwamba ni cha BTU 12,000, yaani kipimo cha nguvu ya mashine ya kupoza chumba. Mnunuzi amepima chumba chake, ameuliza fundi, ameambiwa kipimo hicho kinatosha, naye amelipa kwa M-Pesa. Mzigo umeletwa, fundi ametoboa ukuta, amepitisha bomba la shaba, amefunga mashine ya nje kwenye ukuta wa ghorofa ya tatu. Wiki mbili baadaye chumba hakipoi. Fundi anaitwa tena, anasoma kibandiko kidogo ubavuni mwa mashine, na humo mmeandikwa BTU 9,000.

Tofauti hiyo ya BTU 3,000 inastahili kufikiriwa vizuri, kwa sababu wauzaji huipuuza kana kwamba ni suala la karatasi. BTU 12,000 kwa saa ni kama kilowati 3.5 za ubaridi. BTU 9,000 ni kama kilowati 2.6. Robo nzima ya kitu kilicholipiwa haipo. Na robo hiyo haipotei kwa namna ya kuufanya ubaridi upungue kidogo tu. Mashine inayokitosha chumba hukifikisha kwenye kiwango kilichowekwa, kisha hupumzika. Iliyopungukiwa haikifikishi, kwa hiyo haipumziki, inanguruma mchana kutwa na usiku kucha, tokeni za umeme zinakwisha, na kompresa inachakaa kabla ya wakati wake. Mnunuzi alilipa mara moja dukani, kisha akaendelea kuilipia robo ile isiyokuwepo kila mwezi. Kuuza tena hawezi ila kwa hasara, maana kimeshatumika, na tundu ukutani limeshatobolewa.

Akirudi dukani atasikia majibu yaleyale, na nayachukulia kwa uzito kwa sababu si yote ya ujanja. La kwanza ni kwamba angesoma kibandiko kabla ya kuondoka. Jibu hili lina mvuto wa kibiashara. Sokoni tumezoea kwamba anayenunua ndiye wa kufungua macho. Hata hivyo kifungu cha 15 cha Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, kinasema kitu kikiuzwa kwa maelezo, ni sharti la mkataba kwamba kitu kilingane na maelezo hayo. Hoja kwamba mnunuzi alikuwa na kitu mbele ya macho yake ilishajibiwa mwaka wa 1936, katika kesi ya nguo za ndani zilizonunuliwa dukani huko Adelaide, Australia, iliyofika hadi Baraza la Rufaa la London: hata kitu kilicho juu ya meza ya duka huwa kimeuzwa kwa maelezo, mradi mnunuzi alikichukua kwa kuamini kwamba ni cha aina iliyoelezwa. Tena, ni nani atakayeamini kwamba kiyoyozi kilichofungwa ndani ya katoni, kikaletwa kwa tuktuk hadi Bombolulu, kilinunuliwa kwa kukaguliwa?

Jibu la pili ni la nia. Mwenye duka anasema hakukusudia kumdanganya mtu. Bango lile alitumiwa na msambazaji, naye akalibandika kwenye statasi yake ya WhatsApp kama alivyolipokea. Namwamini. Wauzaji wengi wadogo hawana mpiga picha wala mwandishi wa matangazo, na mifano miwili ya mashine ya kampuni moja hutofautiana kwa herufi moja tu ya jina. Ila uaminifu wake hauondoi kasoro ya bidhaa. Kifungu cha 12 cha Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012 kinayahesabu kuwa mwenendo usio wa haki maelezo ya uongo kwamba bidhaa ni ya kiwango, daraja au modeli fulani, au kwamba ni mpya ilhali imeshatumika, na kinachotazamwa ni maelezo yenyewe, wala si moyo wa aliyeyatoa. Hasara imeshatokea, na mmoja kati ya wawili lazima aibebe. Sioni kwa nini iwe ni yule aliyeuliza kipimo, akajibiwa, akaamini.

Jibu la tatu limepigwa muhuri chini ya risiti: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Huu muhuri una nguvu kubwa kwa watu kuliko kwa sheria. Zamani ungeweza kubishaniwa, kwa sababu Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, ambayo imefuata ile ya Uingereza ya 1893, iliwaachia wahusika nafasi ya kukubaliana kuyaondoa masharti yake. Sheria ya 2012 iliufunga mlango huo kwa upande wa mtumiaji wa kawaida: sharti lolote la kumnyima kinga ya Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa ni batili. Mwenye duka anaweza kukataa kukurudishia pesa kwa sababu tu umebadili mawazo kuhusu rangi ya pazia, na hapo muhuri wake ni halali kabisa. Hauwezi kukifanya kiyoyozi cha 9,000 kuwa cha 12,000.

Zipo hali ambazo mnunuzi hufika na malalamiko yasiyo na mguu. Bango linalosema mashine italeta baridi ya Limuru sebuleni kwako ni sifa za biashara, na mtu mzima hafai kulipeleka mahakamani. Muuzaji aliyegundua kosa akakwambia kabla hujalipa, nawe ukalipa hivyo hivyo kwa kuwa bei imekupendeza, hawezi kushikwa na tangazo la jana. Halafu uko muda. Sheria ya 2012 inampa mnunuzi mwaka mmoja tangu mkataba ufanyike kutoa notisi ya kuuvunja, na wenye maduka huuona mwaka huo kuwa mrefu mno: mtu atumie kitu msimu mzima wa joto, mvua za masika zikianza akirudishe? Wana haki kulalamikia tabia hiyo, na mimi ningemtaka mnunuzi aseme siku ileile aliyogundua, kwani kila wiki ya kunyamaza inaidhoofisha kesi yake machoni pa yeyote atakayeisikiliza. Ila pale ambapo kitu hakiwezekani tena kurudishwa, sheria hiyohiyo inamruhusu kudai kiasi alicholipa zaidi ya thamani ya alichopata, pamoja na fidia. Kwa upande wangu gharama ya fundi na ya kuliziba tundu imo ndani ya fidia hiyo, kwani asingeitumia kama angeambiwa ukweli.

Kilichokuwa kikiwalinda wauzaji wakaidi muda wote huu hakikuwa sheria. Ilikuwa hesabu. Nani atamlipa wakili kwa ajili ya kitu cha shilingi 45,000? Hesabu hiyo imebadilika, na ajabu ni kwamba wanunuzi wachache wameligundua hilo. Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo ilipitishwa mwaka wa 2016, mahakama zenyewe zikaanza kazi 2021, na Mombasa ina yake. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, inatakiwa itoe uamuzi ndani ya siku 60, mtu anaweza kujisimamia mwenyewe bila wakili, na kanuni kali za ushahidi hazitumiki kama katika mahakama nyingine. Kwa mnunuzi wa kiyoyozi, ushahidi unaohitajika ni vitu vitatu ambavyo vyote viko ndani ya simu: tangazo, ujumbe wa M-Pesa, na picha ya kile kibandiko cha ubavuni. Tatizo ni kwamba cha kwanza ndicho kinachopotea mapema. Statasi ya WhatsApp hufutika baada ya saa 24, na bango likishafutika hubaki neno la mteja dhidi ya neno la muuzaji. Mwenye kununua kitu kikubwa kwa kutegemea statasi aipige picha kabla ya kutuma pesa. Asipofanya hivyo, na amwandikie muuzaji ujumbe wa kuuliza: hiki ni BTU ngapi? Jibu litakaa kwenye simu.

Anayestahili kuhurumiwa zaidi katika mambo haya, baada ya mnunuzi, ni muuzaji mdogo aliyekwama katikati, naye ana haki ambayo sijasikia ikitajwa. Yeye pia ni mnunuzi. Sheria ya 2012 haimkingi kwa sababu ananunua ili auze, lakini kifungu cha 15 cha Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa hakibagui: msambazaji aliyemuuzia viyoyozi kumi kwa maelezo ya BTU 12,000 anadaiwa naye vilevile kama yeye anavyodaiwa na mteja wake. Kikwazo kiko kwenye karatasi. Kati ya wafanyabiashara, masharti ya kuondoa kinga bado yanaweza kusimama, na ankara nyingi za jumla huandikwa kwa mkato, “A/C, 10, jumla kadhaa,” bila modeli wala kipimo. Kwa ankara ya namna hiyo, mwenye duka hana maelezo ya kuyaegemea atakapomrudia msambazaji, ila lile bango alilotumiwa, kama bado analo. Modeli na BTU ziandikwe kwenye ankara kabla mzigo haujatoka ghalani, na msambazaji akikataa kuziandika, muuzaji atakuwa ameshajua anauziwa nini.