Alama ya X mlangoni: India iliishindaje polio, na kwa gharama ya nani?

Mchanjaji wa polio katika vichochoro vya Moradabad, magharibi mwa jimbo la Uttar Pradesh, alitembea na kasha la barafu lenye vichupa vya chanjo, kalamu ya wino na kipande cha chaki. Mtoto akishameza matone mawili, kidole chake kidogo cha mkono wa kushoto kilipakwa wino. Nyumba iliyokamilika iliandikwa P mlangoni. Iliyobakiza mtoto, awe amesafiri au wazazi wamegoma, iliandikwa X, na timu ilirudi kesho yake. Na keshokutwa, ikibidi.

Wanaoitetea kampeni ile wana hoja nzito. Mwaka 1995 India ilianza kuwachanja watoto wote wa chini ya miaka 3, baadaye wa chini ya miaka 5, kwa siku maalumu za kitaifa. Zilipopamba moto, kila mzunguko ulifikia watoto wapatao milioni 170 kwa mikono ya wachanjaji zaidi ya milioni 2. Mwaka 2009 nchi hiyo ilikuwa na wagonjwa 741, karibu nusu ya wagonjwa wote wa polio duniani. Mwaka uliofuata walikuwa 42. Tarehe 13 Januari 2011 mtoto wa kike wa Howrah, Bengali Magharibi, akapooza, na baada yake hakupatikana mwingine aliyeugua kwa virusi vya asili, yaani visivyotokana na chanjo. Machi 2014 Shirika la Afya Duniani likaithibitisha kanda nzima ya Kusini-Mashariki mwa Asia kuwa huru. Wataalamu wengi walikuwa wameshaiweka India mkiani, nchi ambayo ingemaliza ya mwisho.

Ushindi huo hupenda kusimuliwa kama hadithi ya elimu dhidi ya ujinga: wazazi, hasa Waislamu maskini, waliamini uvumi kwamba matone yanaua uzazi, wakaelimishwa, wakafungua milango. Hapo ndipo ninapoanza kutofautiana na wasimuliaji.

Uvumi ulikuwa wa uongo, lakini haukuota hewani. Wakati wa hali ya hatari ya 1975 hadi 1977, serikali ya Indira Gandhi iliendesha kampeni ya kufunga uzazi ambayo kwa mwaka mmoja tu ilipitia watu zaidi ya milioni 6, wengi wao wanaume, wengine wakibanwa kwa mishahara na vibali, wengine wakisombwa na polisi. Uttar Pradesh iliguswa sana. Miaka 20 baadaye, mtumishi wa serikali hiyohiyo anabisha hodi, hatozi senti, anamtaka mtoto wako, na anarudi kila baada ya wiki kadhaa. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Wala si India peke yake: mwaka 2015 maaskofu Wakatoliki wa Kenya waliwataka waumini wasusie kampeni ya polio, baada ya mvutano wa mwaka uliotangulia kuhusu chanjo ya pepopunda na madai yaleyale ya uzazi.

Wazazi walikuwa na swali jingine, na hili halihusiani na uvumi kabisa. Mbona kila mwezi mnaleta polio tu? Mtoto anaharisha, mfereji wa maji machafu unapita mbele ya mlango, zahanati haina dawa, na daktari hajaonekana. Zipo jamii zilizotumia kugomea matone kama karata ya kudai barabara na umeme. Maofisa waliita huo ukaidi. Mimi nauona kuwa ni majadiliano ya mtu ambaye hana kingine ambacho serikali inakihitaji kutoka kwake.

Na sayansi ilikuja kuwapa haki kwa njia ambayo wengi hawakuitegemea. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kwamba dozi moja ya matone ya kawaida ilimkinga mtoto wa Uttar Pradesh dhidi ya polio ya aina ya kwanza, kati ya aina tatu za virusi vyake, kwa asilimia 9 hivi, wakati sehemu nyingine za India ilikuwa kama asilimia 21. Matone yalikuwa yaleyale. Tofauti ilikuwa kwenye matumbo: msongamano, uchafu na kuharisha vilivifanya virusi dhaifu vya chanjo vishindwe kushika. Kwa hiyo mama aliyesema mtoto wa jirani alikunywa matone mara nyingi na bado amepooza hakuwa anazusha. Kwenye chaki ile ya P hakukuwa na mahali pa kuandika kwamba nyumba haina choo.

Basi nini kiligeuza mambo? Wengine wanasema ni imani ya wazazi kwa wachanjaji: wanawake wa mtaa huohuo walioajiriwa kuzungumza na majirani, maimamu waliotangaza chanjo misikitini, vyuo kama Jamia Millia Islamia na Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Aligarh vilivyojitokeza hadharani. Timu zilipanda treni, zikafuata wahamaji kwenye matanuri ya matofali, zikavuka maji ya mto Kosi kule jimbo la Bihar. Wengine wanasema ni chanjo yenyewe: mwaka 2005 yalianza matone ya aina moja moja, yenye nguvu zaidi, na Januari 2010 yakaja yanayokinga aina ya kwanza na ya tatu kwa pamoja.

Nikilazimishwa kuchagua, naegemea upande wa chanjo, ingawa kampeni hupenda kujipongeza kwa upande wa imani. Kufikia 2009 kugoma kulikuwa kumepungua sana, na bado watoto 741 walipooza, wengi wao kwa aina ya tatu, kwa sababu nguvu zilikuwa zimeelekezwa kwenye aina ya kwanza. Milango ilishafunguka, kilichobaki kilikuwa ndani ya kichupa. Hata hivyo, chanjo bora isingeingia popote kama milango ingebaki imefungwa, kwa hiyo sitaki kuwanyima wanawake wale haki yao.

Kuna pia hatari ambayo watangazaji wa kampeni hawapendi kuigusa. Matone ni virusi hai vilivyodhoofishwa, na mara chache sana, takriban dozi moja katika milioni 2 au 3, huweza kupoozesha. Daktari T. Jacob John wa Vellore, mtaalamu wa virusi, alipigia debe chanjo ya sindano, ambayo haina hatari hiyo, kwa miaka mingi. India iliingiza sindano Novemba 2015, ikaondoa aina ya pili kwenye matone Aprili 2016. Agosti 2024 mtoto wa miaka 2 katika jimbo la Meghalaya alikutwa na polio, nayo ilitokana na virusi vya chanjo. Kuyasema haya waziwazi kunahofisha watu, wanadai maofisa. Kuyaficha kunahofisha zaidi, hasa katika nchi ambako Januari 2021, wilayani Yavatmal, watoto 12 walipewa kitakasa mikono badala ya matone.

Lawama ninayoikubali kuliko zote inahusu kliniki za kawaida. Mwaka 2005-06, baada ya miaka kumi ya hodi za nyumba kwa nyumba, ni asilimia 23 tu ya watoto wa Uttar Pradesh waliokuwa wamekamilisha chanjo zote za msingi. Watetezi hujibu kwamba mtandao wa polio ulikuja kutumika kufuatilia surua, na kwamba utafiti wa 2019-21 ulikuta asilimia 76 nchi nzima. Ni kweli. Lakini mtoto aliyezaliwa Moradabad mwaka 2000 hakungoja takwimu hizo zipande. Alibishiwa hodi mara kadhaa kwa mwaka kwa ugonjwa mmoja, huku surua ikimsubiri.

Kusimamisha kampeni sasa hakuwezekani, maana Pakistani na Afghanistani bado zina virusi vya asili, na virusi vyenye asili ya Pakistani viliibuka Lilongwe, Malawi, vikatangazwa Februari 2022. India yenyewe ilianza mwaka 2014 kudai cheti cha polio kwa wasafiri wa nchi zilizokuwa na virusi, Kenya ikiwemo. Wagonjwa waliokuwa wakienda kutibiwa Chennai au Delhi walilazimika kwanza kupanga foleni ya matone, watu wazima na mvi zao.