Tezo ya Babu Ilivyotushusha Topeni

Karakana yetu ya mashua iko Matondoni, kule Lamu, na ndani yake mna tezo, chombo cha kuchongea mbao chenye mpini na chuma, ila hii haichongi kitu. Inaning'inia msumarini juu ya mlango. Mteja akija kuagiza mashua, baba humwonyesha tezo kwanza, bei baadaye. "Hii ndiyo iliyotulea," husema. Keekee, ile ya kuvuta kwa uta, ambayo kutoboa mbao ndiyo kazi yake ya kila siku, imetupwa chini ya benchi pamoja na pamba za kukalafati nyufa za mashua, na hakuna anayeijulia hali.

Basi ami yangu akaja kutoka Mombasa na kanzu yake iliyopigwa pasi. Huko anauza simu. Akasema yeye ndiye mkubwa, kwa hiyo tezo ya marehemu ni haki yake. Baba akasema tezo ni ya anayefanya kazi. Wakarushiana maneno hadi chai ikapoa, mwishowe ami akasimama: "Nileteeni hiyo tezo, niwaonyeshe baba alivyokuwa akichonga."

Sasa, mpini wa mti ukikaa kavu muda mrefu husinyaa, chuma kikalegea. Fundi huulowesha majini kwanza. Nikafungua mdomo niseme, ami akanikata: "Nyamaza wewe, wakubwa wanazungumza." Nikanyamaza. Adabu ni adabu.

Akakunja kanzu, akapanda juu ya taruma la mkoko, ule ubavu wa mashua, lililolazwa pwani, akainua tezo kwa mbwembwe zote. Iliposhuka, ulishuka mpini mtupu. Chuma kilishapita juu ya kofia ya baba, kikampita punda wa watu aliyekuwa akitafuna boksi, kikatumbukia majini chubwi! Na siku zenyewe za bamvua, maji yamejaa pomoni.

Tukangoja yapwe. Tukashuka wote, baba, ami na sisi vijana, huku mashangazi wakibaki ukingoni kutoa amri. Tope la mikokoni halijui kanzu. Ami alizama hadi magotini. Tukamvuta, akatoka yeye, viatu vikabaki. Akaendelea kupapasa, dua mdomoni. Mara baba akapiga ukelele: "Hiki hapa!" Akakifuta kwa kikoi, akakibusu. Ami akakibusu pia. Wakakumbatiana, machozi kwa tope, ugomvi ukaisha palepale.

Kelele zile zikamleta fundi wa karakana ya pili, mzee ambaye tangu nikiwa mtoto salamu zetu huziitikia kwa kikohozi. Akakitwaa chuma, akakwangua kutu kwa ukucha, zikajitokeza alama tatu za tupa. "Tezo yangu hii," akasema. "Miaka yote nilijua tu kwamba ni nyinyi." Akaondoka nayo, na maji nayo yakaanza kurudi. Mashangazi walicheka mpaka mmoja akakaa chini.

Chuma cha babu hatukukipata. Asubuhi ami akaomba basi apewe mpini, aende nao Mombasa autie kwenye fremu ya kioo. Akaunusa, sauti ikamkwama: "Usiuoshe, mwanangu. Jasho la baba limo humu."

Mpini huo niliuchonga mimi mwaka juzi, kwa mti wa mpera, baada ya mchwa kumaliza ule wa babu. Baba akanikazia macho. Nikachukua begi la ami, nikamsindikiza hadi botini.