Sari Bila Kumchemsha Kiwavi: Mbona Pamba Haitajwi?

India hutoa zaidi ya tani 30,000 za hariri ghafi kwa mwaka. Ni ya pili duniani baada ya China, na hata hivyo huagiza nyingine kutoka nje. Nyingi ni ya kiwavi anayelishwa majani ya mforsadi. Akishajifungia ndani ya kifukofuko hutiwa mvuke au maji ya moto, kwa kuwa akiachwa ageuke nondo atatoboa njia ya kutokea, na uzi mmoja wenye urefu wa mamia ya mita utakatika vipande vipande. Kilo moja ya uzi hula maelfu ya vifukofuko.

Wanaotaka sari isiyomuua mdudu huambiwa kwamba wameiga Wazungu na wanadharau mila. Hapo ndipo hawatendewi haki. Katazo la kuua viumbe ni la kale mno miongoni mwa Wajaini, wafuasi wa dini ya kale ya India, na wako wanaoikwepa hariri kwa sababu hiyo hiyo. Kwa upande wa Wahindu, Chandrasekharendra Saraswati, kiongozi wa kidini wa Kanchi aliyefariki mwaka 1994, aliwasihi waumini wake waache kuvaa hariri. Kanchi ni Kanchipuram, mji ambao jina lake lenyewe ni sifa ya sari za hariri za maharusi! Yaani karipio lilitoka sebuleni. (Kwetu pwani hariri ina hukumu yake kwa wanaume Waislamu, lakini ile haihusiani na uhai wa mdudu.)

Upande wa pili nao una hoja nzito. Mkulima mdogo wa Karnataka, jimbo la kusini mwa India, huvuna vifukofuko mara kadhaa kwa mwaka na kuvipeleka mnada wa vifukofuko wa mji wa Ramanagara, akarudi na fedha mkononi. Mazao mengi hayampi hilo. Nyuma yake wako wanaovuta uzi, watia rangi na wafumaji. Na kwa familia nyingi za kusini, hariri ndiyo vazi safi la ibada. Bibi arusi aliyevikwa pamba ataulizwa kama baba yake ameishiwa.

Ndiyo maana wengi hukimbilia njia ya katikati, hariri ya ahimsa, yaani isiyoua. Kusuma Rajaiah, mtaalamu wa ufumaji wa Hyderabad, ndiye aliyeipa umaarufu: nondo huachwa atoke, kisha kifukofuko kilichotoboka husokotwa kama pamba. Kitambaa hupungua mng'ao na bei hupanda. Nia yake siitilii shaka. Hesabu yake ndiyo isiyonitoka kichwani.

Nondo huyu amefugwa kwa maelfu ya miaka mpaka hawezi kuruka, wala mdomo wake hauli. Akitoka hujamiiana, hutaga, na baada ya siku chache hufa. Jike mmoja hutaga mayai 300 hadi 500. Tuseme 400, nusu yake majike: kizazi kinachofuata kina mayai 80,000 kutoka kwa jike yule mmoja, na kila kiwavi anataka majani mabichi ya mforsadi mchana na usiku. Nani atawalisha? Mfugaji hawezi. Basi mayai yataharibiwa, au viwavi wataanguliwa na kufa njaa. Kifo kimehamishwa tu kutoka kwenye sufuria hadi mahali ambapo mnunuzi haoni. Beauty Without Cruelty, shirika la Pune linalotetea wanyama, limekuwa likiitilia shaka hariri hii kwa miaka mingi, na sioni jibu la kuridhisha.

Eri, hariri ya mdudu mwingine wa majimbo ya Assam na Meghalaya, kaskazini mashariki mwa India, ina afadhali. Kifukofuko chake kina tundu tangu mwanzo, kiwavi hula majani ya mbarika, na uzi wake lazima usokotwe, nondo awe ametoka au hajatoka. Ila huko Assam mdudu wa eri ni kitoweo kinachopendwa, kwa hiyo mara nyingi hutolewa ndani na kuliwa. Wenyeji hawaoni aibu, na mimi siwalaumu. Anayepaswa kujieleza ni muuzaji wa mjini anayeibandika eri yote neno ahimsa.

Hariri bandia ya viwanda vya Surat, mji wa magharibi mwa India, ni rahisi mno, lakini poliesta ni zao la mafuta ya petroli, haipitishi jasho, na ikishika moto huyeyuka na kuganda mwilini. Rayoni hutokana na miti, ila hutengenezwa kwa kemikali inayodhuru neva za wafanyakazi. Tena nguo hizi hutoka kwenye mashine za umeme, zile zile zinazomnyang'anya kazi mfumaji wa mkono wa mji wa Varanasi.

Inabaki pamba, na inashangaza inavyotajwa mwisho. Melimeli ya Dhaka, iliyovaliwa na wafalme wa Mughal, ilikuwa pamba. Mji wa Chanderi, India, ulisifika kwa pamba nyembamba kabla uzi wa hariri haujaingia katika karne ya 20. Kama mtambo wa kufumia ulipokea uzi mpya wakati ule, hauna sababu ya kuukataa leo. Mfumaji hamhitaji kiwavi. Anahitaji mtambo, michoro yake, zari ya pindo, na mteja asiyeona haya kulipa bei ya hariri kwa pamba iliyofumwa kwa siku nyingi.

Najua pamba nayo hunyunyiziwa dawa, na wadudu hufa shambani. Kweli. Lakini pamba yaweza kulimwa bila sumu, na wakulima wapo India wanaofanya hivyo. Hariri inayovutwa uzi mzima haipatikani bila kuua. Deni ninalolikubali ni la Ramanagara. Mfumaji akibadilisha uzi anabaki na kazi yake, lakini mvuta uzi na mwenye shamba la mforsadi hawabaki na kitu, na wanaohubiri dhidi ya hariri bado hawajawaeleza watu hao wapande nini badala yake, wala nani atawabeba katika miaka ya kuhama.