Hatua Chache Kutoka Kituoni

Tangazo lilisema: "Chumba na sebule, hatua chache kutoka kituo cha treni, kodi haipandi hovyo." Aliyewahi kutafuta nyumba mjini anajua sifa hizo mbili huwa hazikai paa moja. Kituo kikianza kujengwa mtaani, wenye nyumba wanapandisha kodi kabla treni ya kwanza haijapiga honi.

Nilikuwa natoka kwenye nyumba ambayo kodi ilipanda asilimia 10 kila mwaka. Asilimia 10 inasikika ndogo ukiambiwa na mama mwenye nyumba huku anakuita "mwanangu". Sasa piga hesabu: ongezeko linakaa juu ya ongezeko, na likifika la 8 unalipa zaidi ya mara mbili ya ulichoanzia. Asilimia 3 kwa muda huohuo inaongeza robo na kitu kidogo. Ujerumani sheria inasema kodi ya mpangaji aliyemo ndani isipande zaidi ya asilimia 20 ndani ya miaka 3, na kwenye miji yenye uhaba wa nyumba ni 15. Yule mama ningemsomea hiyo sheria, angeniuliza Ujerumani ni mtaa gani.

Kwa hiyo nilipoona kwenye mkataba mpya "ongezeko lisizidi asilimia 3 kwa mwaka", nilikagua jambo moja tu: ada ya huduma imo ndani ya hiyo asilimia 3 au imeachwa nje? Maana wapangaji wengi wanachinjiwa hapo. Kodi inatulia, ada inaruka. Imo ndani. Nikamwomba dalali kalamu kabla hata sijaona choo.

Dalali mwenyewe alikuwa na haraka isiyoeleweka. Alinipitisha chumbani, akafungua bomba akafunga, akawasha taa akazima, jicho muda wote liko kwenye saa. "Maji yapo, umeme upo, twende nje kaka, mengine tutaongelea nje." Tukiwa kwenye ngazi nikasikia ngurumo, ukuta ukatetemeka.

"Mvua hiyo?" nikauliza.

"Mvua," akajibu bila kugeuka.

Nje jua lilikuwa kali, wingu hata la dawa hakuna. Nikasaini hivyohivyo. Asilimia 3 jamani!

Nije kwenye hizo hatua chache. Nasikia Japani tangazo la nyumba likitaja dakika za kutembea, lazima lihesabu dakika moja kwa kila mita 80 za njia yenyewe ya kupita. Dalali wangu alihesabu kwa macho. Na kwa macho hakudanganya: kutoka dirishani nilikuwa nasoma jina la kituo bila miwani. Ila katikati yetu kulikuwa na reli, ukuta, na juu ya ukuta waya wa miiba. Kwenda kituoni ilibidi uzunguke hadi darajani, upande, ushuke, urudi ulikotoka upande wa pili, jasho linakutoka, na ukitazama ng'ambo unaliona dirisha lako lilelile uliloliacha karibu nusu saa iliyopita.

Treni kupita nilizoea upesi. Vikombe vinatembea kidogo kabatini, unavirudisha, maisha yanaendelea. Shida ilikuwa treni kusimama. Kumbe kama kituoni bado kuna treni inashusha abiria, ya nyuma yake inasimamishwa na taa nyekundu mpaka nafasi ipatikane. Na taa hiyo ilikuwa mita chache mbele ya dirisha langu. Kila asubuhi, saa ya watu kwenda kazini, behewa zima linapaki mbele ya jiko langu, abiria wamejaa hadi mlangoni, na hawana kingine cha kutazama.

Tukafahamiana. Kulikuwa na mzee mmoja wa gazeti, ananiinamishia kichwa, nami namrudishia. Kulikuwa na dada mmoja wa dirisha la katikati. Siku moja aligonga kioo kwa nguvu, akanyoosha kidole nyuma yangu. Nikageuka, sufuria inaungua. Nikampungia mkono wa asante, na treni ikaondoka. Pazia nilikuwa napanga kununua mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi ukifika napanga tena.

Sasa siku ya tukio nilikuwa nimechelewa kuamka. Nimetoka kuoga, nimejifunga taulo, maji yananichuruzika mgongoni, simu ikaita. Bosi.

"Uko wapi?"

Treni ndiyo kwanza ilikuwa inasimama pale nje, breki zinalia. Nikaona bahati imenijia yenyewe.

"Niko kwenye treni bosi. Imesimama, taa nyekundu. Unasikia hizo breki?"

"Nasikia. Pole sana. Kumejaa?"

"Usiseme bosi! Nimebanwa huku na huku, hata mkono siwezi kuinua." Nilikuwa najikuna kisogo.

"Umekaa au umesimama?"

"Nimesimama bosi."

"Naona."

Lile "naona" halikunikaa vizuri. Nikageuka taratibu kuelekea dirishani. Bosi, ambaye siku zote anakuja kazini na gari lake, alikuwa kwenye dirisha la katikati, suti na tai, simu sikioni. Dada wangu wa sufuria alikuwa amebanwa ubavuni kwake, amejiziba mdomo kwa mikono miwili. Mzee alikuwa ameshusha gazeti kabisa. Simu bado iko hewani, na hakuna anayesema kitu.

Adabu niliyolelewa nayo ni kwamba mkubwa ukimwona unamsalimia. Nikainua mkono. Wa kulia ulikuwa na simu. Nikainua wa kushoto, uliokuwa umeshikilia taulo.

Sitaeleza zaidi. Nitasema tu kwamba kelele za behewa zima nilizisikia kupitia vioo viwili, na mzee alirudisha gazeti usoni haraka kuliko umri wake. Taa ikageuka kijani.

"Haya," bosi akasema kwenye simu, "yangu inaondoka. Yako ikiondoka, utanikuta ofisini."

Nilizunguka lile daraja kwa mbio. Ofisini watu walinipokea kwa ukimya ule wa watu wanaong'ata midomo. Mmoja akaniuliza kama leo treni haikuwa na baridi. Bosi akaniita, akafunga mlango. Nikakaa, nikatazama zulia.

Akaanza kunieleza kwamba gari liko kwa fundi. Kisha kwamba mwenye nyumba wake amemletea barua ya kodi mpya, na barua yenyewe haisomeki mara mbili. Akakaa kimya kidogo, akiizungusha kalamu.

"Ile nyumba yako," akasema, "wanapandisha kiasi gani kwa mwaka?"

"Asilimia 3 bosi. Na ada ya huduma imo humo humo."

Akaegemea kiti. Akatazama dirishani. Akarudi kwangu.

"Jengo hilohilo kuna nyingine wazi?"

"Ipo moja bosi. Ghorofa ya juu yangu."

"Na mapazia," akauliza, sauti chini, "wanatoa wao, au unanunua mwenyewe?"