Picha zangu, kodi ya nini?

Jamani, programu za picha zimenichosha. Kompyuta ya nyumbani hapa Mtwara ina picha zaidi ya elfu nane: harusi, jando la wanangu, korosho zikianikwa, mama mkubwa enzi za uhai wake pale Mikindani. Ninachotaka ni kuzipanga kwa mwaka na kwa sura za watu, nikate pembeni, niongeze mwanga. Basi!

Programu ya kwanza niliyoipenda ikataka malipo kila mwezi, tena kwa dola. Ukiacha kulipa, sehemu ya kuhariri inafungwa. Nyingine ikaanza kupandisha picha zote mtandaoni, bando la wiki likakata kabla ya magharibi. Picha za marehemu wangu, halafu nizilipie kodi?

Sasa niko na digiKam. Ni ya bure, inatambua nyuso, na ukiiruhusu inaandika lebo ndani ya faili la picha lenyewe, kwa hiyo siku ukihama unaondoka nazo. GIMP nayo ni ya bure, lakini ni ya kuhariri tu. Hilo hakuna aliyeniambia. Jumamosi nzima nimeitafuta albamu humo.