Masika yakija, Polisi Kata apimwe kwa kipi?

Kila Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) wakitangaza mvua za juu ya wastani, viongozi wetu wanarudia maneno yaleyale: wananchi wachukue tahadhari, waishio mabondeni wahame. Nimechoka kuyasikia. Waliokabidhiwa kazi ya kutuokoa, wao wamechukua tahadhari gani?

Tazama Jangwani, Dar es Salaam. Mto Msimbazi ukifurika, trafiki wanafunga Barabara ya Morogoro, daladala zinageuza, mwendokasi inasimama. Kufunga barabara kunaokoa maisha, hilo nalikubali. Maji ya magotini yaendayo kasi yanamwangusha mtu mzima. Lakini gari la zimamoto litokalo kituo cha Fire kwenda Magomeni nalo linapita hapohapo. Umepiga 114, namba ya Zimamoto, wamepokea, wametoka, wamekwama. Wakati huo anayeokoa ni kijana wa mtaani aliyejifunga kamba kiunoni, hana jaketi okozi, wala hajafundishwa na yeyote kwamba anayezama hurushiwa kitu cha kushika kabla ya mtu kumfuata majini.

Na tunaye Polisi Kata! Askari aliyepangiwa kata yake, anayewajua wenyeviti wa mitaa, vijiwe vya bodaboda, na nyumba ya bibi asiyeweza kutembea. Tumezoea kumpima kwa vibaka na wizi wa kuku. Apimwe na kwa masika. Kabla Machi haijaingia, kamba, maboya na filimbi viwe ofisi ya mtendaji wa kata, vijana wawe wamefundishwa na Zimamoto, na kila mmoja ajue anamtoa nani, kwa njia ipi. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 inazungumzia kamati ya maafa ya ngazi ya kata. Muulize mtendaji wako ya kwenu ilikutana lini.

Bajeti haitoshi, wanasema. Boti ni ghali, kweli. Kamba si ghali.

Tarehe 3 Desemba 2023 tope la Mlima Hanang lilishuka mji wa Katesh, mkoani Manyara, zaidi ya watu 80 wakafa. Wanajeshi walifika, wakachimba, na kwa kazi ile nawaheshimu sana. Lakini aliyefukiwa na tope ana dakika chache, na mwenye kuziwahi ni jirani.

Masika ijayo nataka kamanda wa polisi wa mkoa asimame mbele ya waandishi kabla mvua hazijaanza, ataje kata zenye kamba na watu waliofundishwa, na zile ambazo bado.